KITAKO CHA BUNDUKI NI KAZI YA MKONO WA MTU

Ndugu wananchi, katika kasumba zote tulizoachiwa na mkoloni, iliyo ngumu kupita zote kung'oka ni ile isemayo kuwa mkono wa Mwafrika hujua kubeba tu, haujui kuunda. Kwa kasumba hiyo mzigo ni wetu na ufundi ni wao. Kasumba hii haikai mjini peke yake. Imo vijijini, imo maofisini, na, kwa aibu yetu sisi tuliopita vyuo vya ualimu, imo hata madarasani, ambako mtoto hufundishwa majina ya waliovumbua mashine za Ulaya wala hafundishwi jina la fundi mmoja wa kijiji chake.

Leo nataka tuitazame kasumba hiyo kwa njia ya kitu kimoja tu: kitako cha bunduki ya zamani. Msomaji asishangae. Ukitaka kumjua mwizi, mtazame anavyoshika mkoba.

MTI UNAOBEBA CHUMA

Bunduki ni vitu viwili. Kuna chuma, yaani mtutu na mtambo wake, na kuna mti unaobeba chuma hicho, kuanzia kitako kinachokaa begani mpaka chini ya mtutu. Chuma hutoka kiwandani, kimoja sawa na cha pili. Lakini mti, ukitaka uwe mzuri, huchongwa kwa kipimo cha mtu. Mwenye mkono mrefu hutaka kitako kirefu, na mwenye shingo ndefu hutaka kitako kilichoinama zaidi, ili akiweka shavu lake jicho liende lenyewe juu ya mtutu. Hata majeshi yalilijua jambo hili. Bunduki ya Lee-Enfield, waliyobeba askari wetu wa King's African Rifles, ilikuwa na vitako vya urefu mbalimbali, kifupi, cha kawaida na kirefu, kwa maana jeshi lilikwisha ona kuwa watu hawakuumbwa kwa kalibu moja.

Kazi ya kuchonga mti huo si mchezo. Gogo lazima likaushwe kwa miaka, maana mti mbichi hujipinda, na ukijipinda huusukuma mtutu na risasi huenda upande. Nyuzi za mti lazima zipite sawa katika shingo ya kitako, pale mkono unaposhika, kwa kuwa hapo ndipo bunduki nyingi huvunjika. Kisha fundi hupaka chuma masizi, hukilaza ndani ya mti, hukiinua, na kila palipoguswa na weusi hupakwangua kidogo. Hurudia hivyo mara nyingi mno, mpaka chuma na mti vikumbatiane pasipo kupita hata unywele. Mwisho hupaka mafuta ya kitani kwa kiganja, tabaka juu ya tabaka, kwa siku nyingi.

Basi nauliza: katika kazi hii yote, ni kipi kinachohitaji ngozi nyeupe? Subira? Jicho? Kiganja?

BUNDUKI ZENYE MAJINA NA WATU WASIO NA MAJINA

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikuja kuwinda Afrika ya Mashariki. Alikuja na bunduki ya jeshi aina ya Springfield iliyowekewa mti wa kuwindia, na nyingine ya mitutu miwili ya Holland & Holland wa London, zawadi ya Waingereza waliompenda. Mwishoni mwa mwaka 1933 mwandishi Ernest Hemingway naye akaja kuwinda Tanganyika. Bunduki yake pia ilikuwa Springfield, iliyovuliwa mti wake wa jeshi na kuvikwa mti mpya na kampuni ya Griffin & Howe ya New York. Baada ya safari hiyo aliandika hadithi ambayo jina lake tu limeutangaza mlima wetu kuliko matangazo yote ya utalii.

Leo hii wako watu Ulaya na Marekani wanaoweza kukueleza kila jambo la bunduki hizo: nani aliyechonga, mti ni wa aina gani, mafuta yapi, namba ipi. Vitabu vimeandikwa. Lakini nani aliyezibeba? Nani aliyezifuta kutu usiku, akazipaka mafuta, akazikausha baada ya mvua ili mti usijipinde? Mbeba bunduki wa Hemingway anaitwa katika kitabu M'Cola, basi. Jina moja, lililoandikwa kwa sikio la mgeni. Bunduki ina ukoo wake hadi kwa babu, na mtu aliyeitunza amebaki na nusu ya jina. Hiyo ndiyo historia tuliyoandikiwa.

Na wageni hao hawajaisha. Mpaka leo wawindaji huteremka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro na bunduki zao kwa vibali, nyingine bei yake yapita bei ya nyumba njema ya matofali hapa Moshi. Mti wake mara nyingi ni wa mjozi kutoka Uturuki. Na kule mbele, penye ncha ya mti chini ya mtutu, wengine hupachika kipande cha mti mweusi kwa pambo. Msomaji ukikutana nacho, kitazame vizuri. Huenda ni mpingo. Huenda umetoka kwetu, umekwenda Ulaya ukiwa kipande cha gogo, na sasa umerudi kwa ndege ukiwa bwana.

WALITUCHAGULIA HATA BUNDUKI YA KUWA NAYO

Wapo wasemao kwamba bunduki ni kitu cha kuja, hakikuwa chetu, kwa hiyo hatuna historia nacho. Uongo huo. Tangu kabla ya Mjerumani, misafara ya kutoka Pangani na Mombasa ilileta bunduki katika miteremko ya Kilimanjaro, zikabadilishwa kwa pembe. Mangi Rindi wa Moshi alikuwa nazo, na Mangi Sina wa Kibosho alikuwa nazo. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekaa Unguja alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kwa mwaka mmoja.

Wakubwa wa Ulaya walipoona hivyo wakaogopa. Tarehe 2 Julai 1890 wakatia sahihi Mkataba Mkuu wa Brussels. Wakasema ni mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na biashara hiyo ilistahili kukomeshwa. Lakini humo ndani wakaweka kifungu cha silaha: katika Afrika yote iliyo kati ya latitudo 20 kaskazini na latitudo 22 kusini, bunduki za kisasa marufuku, isipokuwa kwa wenyewe na waliowaruhusu wenyewe. Biashara iliyoachiwa mlango ni ya bunduki za gumegume zisizo na mifereji ya msokoto ndani ya mtutu. Yaani chuma kilichokwisha pitwa na wakati kwao, kilichokuwa kikijaa maghala ya Birmingham na Liège, ndicho kilichoonekana kufaa kwa mtu mweusi.

Hapo ndipo asili ya dharau inayolipata gobore leo. Ndugu zangu, hatukuwa na magobore kwa sababu akili zetu ni za gobore. Tulikuwa na magobore kwa sababu watu walikaa mezani Brussels wakaamua hivyo. Kisha watoto wa waliotunyima wakaja kutucheka kwa kile walichotuachia!

Na hata kwa silaha duni, mkono haukuwa duni. Mwezi Juni mwaka 1892 Luteni von Bülow alikwea kumwadhibu Mangi Meli, kijana aliyekuwa ameshika kiti cha baba yake Rindi mwaka mmoja tu nyuma. Bülow alishindwa na akafa, na jeshi lake likateremka mlima likikimbia. Je, Wajerumani walikubali kwamba Wachagga wamewashinda? Wapi! Wakamtafuta mzungu aliye nyuma ya jambo. Wakawashuku wamisionari Waingereza kuwa ndio waliomchochea Meli na kumpa bunduki, hata misheni ya CMS ikaondoka Moshi mwaka huo huo ikahamia Taveta. Ona kasumba ilivyo na mizizi: hata ushindi wetu ulitakiwa uwe umeundwa na mzungu.

Agosti 1893 Gavana von Schele alikuja na jeshi kubwa na mizinga, akamshinda Meli. Tarehe 2 Machi 1900 Meli akanyongwa Moshi ya Zamani pamoja na wenzake 18. Kichwa chake kinatafutwa mpaka leo katika maghala ya Ujerumani. Mwaka 2019 wananchi walisimamisha sanamu yake pale pale aliponyongwa, na walifanya vema. Lakini sanamu ni ya mtu mmoja. Je, wale waliozishika na kuzitengeneza silaha za Meli sanamu yao iko wapi?

KITAKO KIKIVUNJIKA

Fikiri, msomaji. Gumegume limetoka Birmingham, limepita Unguja, limebebwa kichwani wiki nyingi hadi Moshi. Siku moja linaanguka mwambani na shingo ya kitako inakatika. Je, lilirudishwa Birmingham? Ni nani aliyelikarabati?

Alilikarabati mtu wa hapa hapa. Milima hii haikuwa na uhaba wa mafundi. Jirani zetu wa Ugweno, katika Upare ya Kaskazini, walikuwa na ukoo wa Washana, wafua chuma ambao wazee wanakumbuka kuwa waliwahi hata kutawala nchi kwa sababu ya ufundi wao. Chuma cha Upare kilipanda Uchagga, na wahunzi wa Mamba walikifua kikawa mikuki iliyosifiwa na kila mgeni aliyeiona. Mtu awezaye kuufunga mkuki katika mpini wake usilegee vitani, atashindwaje na kitako? Mchonga mizinga ya nyuki na ngoma kwa mringaringa ana tezo, ana jicho, na anajua nyuzi za mti zinakokwenda.

Katika bunduki nyingi za zamani za Afrika utaona shingo iliyovunjika imevikwa ngozi mbichi ya ng'ombe, ikashonwa ikiwa na maji, ikakauka ikabana kama pingu. Mgeni huiona akasema, "Tazama, wamefungafunga." Huyo hajui asemalo. Ngozi iliyokauka hushika mti kwa nguvu na tena hunepa kidogo bunduki inapopiga teke, jambo ambalo msumari hauwezi. Nyingine hupambwa kwa misumari ya shaba iliyopangwa kwa mistari. Hiyo siyo takataka, ni sahihi ya fundi asiyejua kuandika.

MTI HAUNA UTAIFA

Watu wengine hutuambia kuwa kitako hakifai ila kwa mti wa mjozi wa Ulaya. Hebu tuwaulize Waaustralia. Walipofungua kiwanda chao cha bunduki huko Lithgow mwaka 1912, hawakuendelea kusubiri magogo ya watu. Walitafuta porini kwao, wakachonga vitako vya Lee-Enfield kwa mti uitwao maple wa Queensland, na baadaye kwa miti mingine ya kwao. Askari wao wakapigana navyo vitani. Wahindi nao waliziunda bunduki hizo hizo huko Ishapore, wakiwa bado chini ya Mwingereza. Ni kwetu tu ambako mti ulikuwa wa kupeleka na bunduki ilikuwa ya kuletewa.

Na sisi tuna nini? Tuna mninga wa misitu ya Tabora, uliosifiwa duniani kwa sababu ukikauka hautanuki wala haunywei ovyo, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya mti wa bunduki. Tuna mpingo, mzito hata huzama majini, usiofaa kwa kitako kizima lakini unaofaa sana kwa ncha na mapambo. Na hapa hapa Moshi tangu mwaka 1975 tuna Chuo cha Viwanda vya Misitu, kinachofundisha vijana kupasua, kukausha na kutengeneza mbao. Fundi tunaye, mti tunao, chuo tunacho. Kilichokosekana ni kujiamini.

Mfano wa kujiamini hatuna haja ya kwenda mbali kuutafuta. Masetla walisema kuwa Mchagga hawezi kulima kahawa, ataleta magonjwa, mibuni ing'olewe. Wazee wetu hawakung'oa. Mwaka 1925 wakaunda chama chao cha wakulima wa kahawa, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Kahawa ya yule "asiyeweza" ikajenga shule, na katika shule hizo tukasoma sisi tunaoandika leo. Lililosemwa jana juu ya mbuni ndilo linalosemwa leo juu ya mti wa bunduki.

WATAKAOTUPINGA

Najua watakaosema: "Huyu kijana anataka silaha zijae majumbani." Hapana. Nasema waziwazi, wala sitaki mtu anukuu nusu. Anayeficha bunduki bila kibali na aisalimishe. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 inataka kibali kwa kumiliki, kutengeneza na kukarabati, na mwananchi mwema huifuata. Tembo wetu walikuwa zaidi ya 109,000 mwaka 2009, na mwaka 2014 walihesabiwa 43,000 na ushei. Jangili ni adui wa taifa, awe na gobore au awe na bunduki ya kisasa ya tajiri aliyemtuma.

Lakini kumkamata jangili ni jambo moja, na kuua ufundi ni jambo jingine. Mzee ajuaye kulaza chuma ndani ya mti leo hujificha kama mchawi. Hakuna aliyemwonyesha mlango wa halali, kwa hiyo ama ufundi wake unatumiwa na mwizi usiku, ama unakufa naye. Je, hiyo ndiyo busara? Kamba ya ng'ombe haikatwi kwa sababu mwizi aliishika. Hushikwa na mwenyewe.

Wengine watasema kazi ya gobore ni chafu, haina unadhifu wa London. Kweli, pengine haina. Mpe yule fundi wa London gogo bichi, msumeno mmoja butu, na hofu ya polisi mlangoni, kisha tuone unadhifu wake. Unadhifu ni mtoto wa zana na utulivu.

TWATAKA NINI

Kelele bila dai ni ngoma ya msibani. Madai yetu ni haya:

Kwanza, kabla silaha za zamani zinazosalimishwa hazijateketezwa, wataalamu wa Makumbusho ya Taifa waitwe wazikague. Zilizo na historia zizibwe mitutu zisiweze kulia tena, ziandikwe zilikotoka, zihifadhiwe. Kila gobore linaloingia motoni bila kuandikwa ni mzee aliyezikwa bila jina.

Pili, Moshi ipate makumbusho ya umma. Songea ina ya Majimaji, Butiama ina ya Mwalimu Nyerere, Arusha ina ya Azimio. Mji uliomshinda von Bülow hauna. Ikijengwa, silaha za Rindi, Sina na Meli ziwekwe pamoja na zana za wahunzi na wachongaji, si mikuki ya mamangi peke yake.

Tatu, Chuo cha Viwanda vya Misitu kifikirie kufundisha uchongaji wa mti wa bunduki kwa wanafunzi wachache, chini ya kibali na usimamizi wa serikali, kikishirikiana na Shirika la Mzinga la Morogoro, ambalo limekuwapo tangu mwaka 1974. Askari wa wanyamapori wana bunduki zinazovunjika vitako, na wawindaji wenye vibali wanazo. Fedha hiyo kwa nini iende nje?

Nne, tupande. Mpingo hukaa miaka 70 hadi 100 kabla ya kufaa. Marehemu Sebastian Chuwa wa Kibosho alilijua hilo, na tangu mwaka 1996, kwa mradi aliousimamisha pamoja na rafiki yake Mmarekani, alipanda miche kwa maelfu mengi akishirikiana na wanafunzi wa shule. Alifariki mwaka 2014 bila kuvuna hata mmoja. Huyo ndiye mzalendo. Kila tawi la chama na kila shule ya wilaya hii na liwe na kitalu chake.

Tano, tunapowadai Wajerumani mabaki ya wazee wetu, na lazima tuyadai mpaka yarudi, tuwadai pia orodha kamili ya silaha na zana zilizochukuliwa Kilimanjaro. Mfupa ni wa mtu, na zana ni kazi ya mtu. Aliyechukua vyote viwili na arudishe hesabu ya vyote viwili.

NENO LA MWISHO KWA WANACHAMA

Ndugu mwanachama, kazi ya kwanza haingojei serikali. Jumamosi hii chukua daftari, nenda kwa mzee wa kijiji chako mwenye tezo. Muulize jina lake kamili na la aliyemfundisha. Muulize mti gani haupasuki shingoni, hukatwa mwezi gani, hukaushwa wapi. Andika. Kisha lete daftari lako katika mkutano wa tawi lisomwe mbele ya wote.

Wageni wameandika majina ya bunduki zao. Na sisi tuandike majina ya watu wetu.

UHURU NA KAZI!